Kabati la sigaa na mikono midogo: dalili, chanzo na la kufanya

Mwaka jana, mwishoni mwa Septemba, nilimkuta mjukuu wangu wa miaka mitatu amekaa sakafuni anageuza kidole gumba chake kwenye mwanga wa dirisha. Alikuwa amevaa pete ya karatasi, nyekundu, yenye mstari wa dhahabu. Nilikwenda kuhesabu sigaa zangu kabatini: 41, kama zilivyokuwa Jumapili. Hakuna iliyopotea, ila moja ilikuwa uchi. Maana yake alifungua kabati lenye kufuli la kuzuia watoto, akachagua, akavua pete, akairudisha sigaa mahali pake na kuufunga mlango. Kufuli nalo lilikuwa palepale, zima, halina hata mkwaruzo.

Wengi wetu hapa Lubumbashi tunaziita sigare, kwa Kifaransa. Ni zile nene za majani ya tumbaku yaliyoviringwa, si sigara za pakiti. Zinataka kukaa kwenye unyevu wa asilimia 65 hadi 70 hivi na joto la nyuzi 18 hadi 21, ndiyo maana zinawekwa kwenye kabati linalobana hewa, lililotandikwa ndani kwa mbao ya mwerezi wa Kihispania, ambao kwa kweli si mwerezi bali ni jamaa wa mahogani. Mji wetu uko kwenye mita 1,200 hivi juu ya bahari. Mvua ni kuanzia Novemba mpaka Aprili, kisha miezi mingi hakuna tone, na kufika Septemba hewa ni kavu mpaka midomo inapasuka. Kabati lako, basi, ni kisanduku chenye mvua ndani na kiangazi nje. Matatizo mengi ya kufuli nitakayoyataja yanaanzia hapo, mtoto anakuja kuyatumia tu.

Kama kitu kimeshaingia mdomoni

Soma hapa kwanza, mengine yatasubiri.

Sigaa moja kubwa inaweza kubeba tumbaku sawa na pakiti nzima ya sigara. Mtoto mdogo akitafuna kipande tu, nikotini yake inaweza kumdhuru, na mara nyingi dalili huonekana ndani ya saa moja: udenda mwingi, kutapika, kupauka uso, jasho, moyo kwenda mbio, kuhangaika. Baadaye anaweza kulegea, kusinzia, au kupatwa na degedege. Mtoe kilichobaki mdomoni, mpanguse midomo na mikono, na mwende hospitali. Usimtapishe. Bibi atasema maziwa, jirani atasema mawese. Waheshimu wote wawili, lakini usimpe. Beba kipande kilichobaki ili daktari aone kimepungua kiasi gani.

Jambo la pili ni betri ya kitufe, ile bapa kama sarafu inayokaa kwenye kipimo cha unyevu cha namba. Ikikwama kwenye umio inaunguza nyama, na saa mbili zinatosha kuleta madhara makubwa. Dalili ni udenda, kikohozi, kukataa chakula, kushika kifua, na wakati mwingine hakuna dalili yoyote. Ukishuku tu, nenda penye mashine ya eksirei, kama hospitali ya Jason Sendwe au nyingine iliyo karibu nawe. Kama mtoto ameshatimiza mwaka mmoja, anaweza kumeza, na hazijapita saa 12, mpe vijiko vidogo viwili vya asali kila dakika 10 mkiwa njiani, visizidi mara sita. Asali inapunguza kuungua, haiitoi betri, kwa hiyo usikae nyumbani kuihesabu. Aliye chini ya mwaka mmoja hapewi asali kabisa. Hapa pia hatapishwi.

Dalili: kufuli limefungwa, lakini mlango unaachia ukivutwa

Hili ndilo lililonipata, na ndilo litakalowapata wengi.

Funga mlango kama kawaida. Shika ukingo wake, juu kabisa au chini kabisa, mbali na kufuli, uvute kwa vidole viwili. Mlango mzima unatulia. Mlango mgonjwa unacheza, unasikia kama ulimi wa kufuli unakwaruza, kisha unaachia kwa mlio mdogo. Mtoto hana haja ya nguvu, ana muda. Anavuta mara 20 huku anaimba, na mara moja inatosha.

Chukua rula ndefu, iweke kwa upana juu ya uso wa nje wa mlango, mwombe mtu amulike kwa simu kutoka upande wa pili. Mwanga ukipita chini ya rula katikati ya mlango, ujue kingo zimejikunja kuja nje. Rula ikilala sawasawa bila mwanga, shida haiko kwenye ubao. Kagua bawaba, huenda skrubu zimelegea, ukaze na umalize kazi.

Mlango wangu ulikuwa umejikunja. Nilimwita fundi aliyetengeneza kabati, mtu wa kata ya Katuba hapa mjini, asiyependa maneno mengi. Aliupapasa ubao ndani, akaupapasa nje, akaniambia: "Mukubwa, ubao hii inakunywa ku upande moja, upande ingine iko na kiu." Uso wa ndani ulikuwa unafyonza unyevu na kutanuka, uso wa nje ulikuwa unakauka na kujivuta. Ubao ukivutwa hivyo hauna la kufanya ila kupinda kuelekea upande mkavu. Mbao haibadiliki sana kwa urefu wake. Mabadiliko yako kwenye upana, na mlango wa mbao kamili wenye sentimita 40 unaweza kutofautiana milimita 3 hadi 6 kati ya mvua na kiangazi. Ulimi wa kufuli la mtoto wenyewe mara nyingi unashika milimita chache tu. Piga hesabu.

Lakini fundi hakusema kila kitu, na mimi pia sikumkumbusha pale. Mwezi wa pili, mvua ikiwa imekolea, mlango ule ulikuwa unakwama. Nilimwita, akapiga randa ukingoni, akachukua hela yake, tukafurahi wote. Kile alichokiondoa Februari ndicho kilichokosekana Septemba. Kwa hiyo shauri langu la kwanza: mlango ukikwama wakati wa mvua, usikimbilie randa. Paka sabuni kavu au nta ya mshumaa penye kusugua, vumilia mpaka Mei, kisha uangalie kama bado kuna shida.

Dawa yenyewe tuliifanya hivi. Kufuli moja la katikati tuliliondoa, tukaweka mawili, moja juu na moja chini, maana ubao uliopinda unaachia kwenye kona kabla ya kuachia katikati. Kile kipande kinachopokea ulimi tulikitoboa matundu marefu badala ya ya mviringo, ili kisogezwe mbele au nyuma bila kutoboa upya. Nyuma yake tukaweka vipande vya kadi ngumu ya kuongeza au kupunguza. Nakisogeza mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba, kazi ya dakika 10. Nje tulipaka vanishi tabaka mbili ili upande mkavu usikauke haraka, ila ndani hatukugusa, kwa sababu mbao ya ndani lazima ipumue na vanishi itanuka kwenye tumbaku. Mwisho tulilihamisha kabati kutoka kwenye ukuta unaochomwa na jua la jioni. Hilo la mwisho ni la bure, na kama ningelifanya mapema huenda mengine yasingehitajika.

Dalili: kufuli la kubandika limebanduka lenyewe

Usilitupe. Geuza uangalie mgongo wake, jibu limeandikwa pale.

Ukiona vumbi jekundu limeshikamana na gundi, hukusafisha vya kutosha. Katika miezi ya kiangazi vumbi letu linakaa kila mahali, hata juu ya kitu ulichopangusa asubuhi. Safisha kwa alkoli, si kwa maji ya sabuni, na hasa kama mtu wa nyumbani ana tabia ya kupaka siraji za kung'arisha samani. Gundi haishiki juu ya nta.

Ukiona ngozi ya vanishi imetoka pamoja na gundi, gundi haina kosa. Vanishi ndiyo imeachana na mbao. Ikwangue sehemu ile, au uache habari ya gundi utumie skrubu.

Gundi ikiwa imebaki yote kwenye mlango na kufuli limetoka safi, joto limeilainisha, au ulivuta kabla haijakauka. Ukibandika, bonyeza dakika nzima, kisha liache bila kuguswa siku nzima au zaidi. Wakati huo usitegemee kabati. Hamisha sigaa juu.

Kwenye mlango wa kioo, gundi inashika vizuri kuliko kwenye mbao. Kioo chenyewe ndicho cha kuogopwa. Kama si kile kigumu kinachovunjika vipande butu, bandika utando wa plastiki upande wa ndani ili kikipasuka kisimwagike.

Dalili: mtoto anafungua kufuli zima, mbele yako

Basi amejifunza, na mwalimu ni wewe. Kufuli za kubonyeza kwa kidole zinafaa kwa mtoto wa miezi 18. Wa miaka mitatu anakuangalia mara mbili na ya tatu anafanya mwenyewe. Badilisha aina ya kufuli badala ya kununua lingine la namna ileile.

Kufuli la sumaku, lililofichwa ndani na kufunguliwa kwa kushikiza sumaku nje, ni zuri kwa kuwa mtoto haoni kitu cha kuchezea. Lina mipaka miwili. Ubao ukiwa mnene mno sumaku haifiki. Pima kabla ya kutoboa. Na linafunguka kwa sumaku yoyote yenye nguvu. Watoto wa mtaani kwetu wanafungua redio mbovu na kutoa sumaku za spika, wanazitembeza kwenye mchanga kuokota vumbi la chuma. Mtoto mwenye sumaku ya spika ana ufunguo wa kabati lako. Tena ile sumaku ya kufungulia isiachwe ovyo: mtoto akimeza sumaku mbili zenye nguvu zinaweza kuvutana ndani ya matumbo na kuyatoboa.

Kwangu, sasa, kuna kadena ya kawaida, yaani kufuli la kuning'inia, kwenye pete ya chuma. Haipendezi. Mke wangu amesema kabati limekuwa kama duka la mitaa ya Kenya, ile kata ya hapa Lubumbashi, saa za usiku. Ukichagua njia hiyo, nunua pete ambayo ikifungwa inafunika skrubu zake, la sivyo mkubwa wa miaka 10 atachukua kisu cha mezani na kuzifungua moja moja.

Dalili: tangu uweke kufuli, sigaa zinakauka

Kwanza hakikisha kipimo hakidanganyi. Jaza chumvi ya jikoni kwenye kifuniko cha chupa, dondosha maji mpaka iwe kama uji mzito, isiyeyuke. Weka pamoja na kipimo ndani ya mfuko wa plastiki unaobana hewa, uache usiku mzima. Kinatakiwa kusoma 75. Kikisoma 70, ujue kila siku ongeza 5. Kikisoma 60, kitupe, lakini betri uitoe kwanza na uizungushie utepe wa gundi kabla ya kuitupa.

Kipimo kikiwa sawa, tafuta tundu. Skrubu ya milimita 20 kwenye ubao wa milimita 16 inatokea upande wa pili, na hata ukiirudisha nyuma tundu linabaki. Usiku, weka simu ndani ikiwa inawaka taa, funga, zima taa za chumba. Nyota utakazoziona ndizo tundu zako. Zizibe kwa nta ya nyuki iliyolainishwa kidoleni. Mtu akikushauri silikoni, inuse kwanza: ile inayonuka siki itaipa tumbaku yako harufu ya kachumbari, na wiki mbili haitoshi kuitoa. Upande wa mlango, jaribu kwa karatasi: iweke ukingoni, funga, uvute. Ikitoka bila kubishana, ongeza utepe wa mpira.

Kuna chanzo kingine ambacho si tundu. Kufuli likisumbua kufunga, watu wazima wanaliegesha tu mlango. Muulize kila mtu wa nyumbani, bila kufoka.

Dalili: kabati linayumba

Vuta droo zote nje, fungua milango, kisha sukuma kwa mkono mmoja kwenye kimo cha kifua cha mtoto, halafu uning'inize uzito wa mkono wako kwenye droo ya chini. Miguu ya nyuma ikiinuka hata kidogo, acha kusoma ukalifunge ukutani leo. Kwa mtoto, droo ni ngazi.

Nyumba zetu nyingi ni za tofali za kuchoma, nyingine zimetokana na udongo wa vichuguu, na ugumu wake haulingani. Ukitoboa kwenye plasta au kwenye udongo kati ya tofali, kile kipande cha plastiki kinachotangulia skrubu kitazunguka tu. Gongagonga, tafuta katikati ya tofali, tumia kipande kirefu. Unga ukitoka mwekundu, uko kwenye tofali. Ukitoka wa kijivu au mweupe, sogea. Vitu vizito viwe chini.

Dalili: kabati limefungwa sawasawa, ila mtoto bado ana kitu mkononi

Angalia juu ya kabati, na mezani, na kibarazani. Tunafunga sigaa kwa kadena na kuacha nje brike, yaani kiberiti cha gesi, yenye moto wa mshale, kisu cha kukatia ncha, chupa ya gesi ya kujazia, na kisahani cha majivu chenye vishungi vilivyolowa mate. Kishungi nacho kina nikotini, na kiko chini kuliko kabati. Vyote viingie ndani ya kufuli, isipokuwa gesi, ambayo inakaa mbali na joto, juu, peke yake.

Vile vidude vya kutunza unyevu pia. Kama vyako ni punje laini zinazovimba kwa maji kama mboni za samaki, ziondoe nyumbani. Mtoto anaziona peremende. Akimeza, zinaendelea kuvimba tumboni na zinaweza kuziba utumbo. Vifuko vya chumvi vilivyofungwa, au sifongo yenye maji safi yasiyo na madini, vinafanya kazi ileile.

Kuhusu maji hayo, wengi tunanunua yale ya kuongezea betri ya gari. Kuwa macho pale kwa muuzaji: chupa ya maji na chupa ya asidi zinaweza kukaa ubao mmoja na kufanana. Mwambie wazi unataka maji, soma maandishi, na usiyahamishie kwenye chupa ya maji ya kunywa.

Dalili: vitundu kama vya sindano kwenye sigaa, na hamu ya kupuliza dawa

Ni mdudu mdogo wa tumbaku, wa jamii ya mbawakawa. Mayai yake yanaanguliwa joto likizidi, na Oktoba yetu inamfaa sana. Usipulize dawa ya wadudu kabatini. Utaivuta wewe, na mtoto atailamba mlangoni. Funga sigaa kwenye mifuko miwili, ziweke kwenye friza siku tatu, kisha kwenye friji siku moja kabla ya kuzirudisha. Umeme ukikatika katikati, anza kuhesabu upya. Na mfuko uwe mweusi, usifanane na wa nyama.

Dalili: hakuna kibovu, na kabati bado linakutwa wazi

Hii ni dalili ya ufunguo. Nilikuwa nauweka juu ya fremu ya mlango wa chumba, mahali ambapo mimi mwenyewe nanyoosha mkono. Nilidhani hakuna apajuaye. Siku moja natafuta, nimegeuza mito, nimepekua mifuko ya koti, namlaumu mtu fulani moyoni. Mjukuu akanitazama kwa huruma, akasukuma kiti mpaka mlangoni, akapanda, akasimama kwa ncha za vidole, akapapasa. "Nkambo," akasema, "funguo yako iko huku."

Sasa iko kwenye mkufu mmoja na funguo za gari, na funguo za gari ziko mfukoni mwangu.